MAONI YETU: NYUMBA MPYA, NA KAUNTI IWE NA SAUTI



Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 yatukata asilimia moja na nusu ya mshahara kila mwezi, naye mwajiri hutoa kadiri hiyo hiyo. Fedha hizo ni jasho letu. Basi tunayo haki ya kuuliza: nyumba hizo zajengwa namna gani?

Wazee wetu walilala katika landhi: chumba kimoja, mabati juu, mchana tanuru, usiku baridi. Aliyezijenga hakulala ndani yake.

Shida ni hii. Anayejenga hulipa mara moja. Anayekaa hulipa kila mwezi. Mjenzi akipunguza madirisha, wewe ndiwe utakayewasha taa mchana. Asipoweka mifereji na tangi la maji ya mvua, wewe ndiwe utakayenunua maji kwa mtungi. Hatuwezi kumwachia yeye peke yake.

Nani basi aweke masharti? Katiba ya 2010 imetia nyumba katika kazi za kaunti, na Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya kaunti kabla ya kujenga. Serikali kuu nayo ilitoa Kanuni mpya za Ujenzi mwaka 2024, mahali pa zile za 1968. Vema. Lakini Mombasa si Nyandarua: huku watu watoka jasho, kule wajifunika blanketi. Kanuni za nchi na ziwe msingi. Kaunti na ipandishe ukuta juu yake.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 baraza la Merton, mjini London, liliamuru majengo mapya makubwa yapate sehemu ya kumi ya nguvu zake kutoka jua na mengine yasiyokwisha. Mwaka 2008 Bunge la Uingereza likayapa mabaraza ya England na Wales uwezo huo kwa sheria.

Wengine watasema masharti yatapandisha kodi. Twajibu: kuelekeza ubavu mrefu wa nyumba kaskazini na kusini, ili kukwepa jua la asubuhi na la jioni, kwataka fikira ya mchoraji kuliko fedha. Mitambo ya kuchemsha maji kwa jua ni ghali, kweli. Hiyo na ije polepole. Lakini rahisi huvunja upishi.

Twaonya pia: sharti lisilokaguliwa ni karatasi tu, na mkaguzi anayekula chai ni hasara mara mbili.

Katiba yaamuru baraza la kaunti liwashirikishe wananchi. Kila tawi na lichague watu wake, waende wakaseme. Tusingoje kupewa funguo ndipo tuulize madirisha yako wapi.

Umoja ni nguvu.