Ametumwa Kusoma au Kucheza Mahakama?

Juma lililopita alinijia ofisini mzee mmoja wa kigango chetu, simu mkononi, uso umekunjamana. "Mwalimu," akasema (maana hapa parokiani bado waniita Mwalimu kwa ajili ya kile chuo cha ualimu, ijapokuwa kazi yangu siku hizi ni vitabu vya ubatizo na risiti za zaka), "nisomee hii polepole, isije ikawa nimeelewa vibaya."

Ulikuwa ujumbe wa binti yake asomaye sheria huko Dar es Salaam, mwaka wa pili. Aliandika kwamba amechaguliwa kusema katika mahakama ya mfano, tena ameingia katika kikundi cha wanafunzi wanaowasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Basi aomba fedha za koti na sketi nyeusi.

"Niliuza ng'ombe wawili," mzee akasema. "Sikuwauza ili mtoto akacheze mahakama."

Nadhani wako wazazi wengine wenye neno hilo moyoni, ndiyo sababu naliandika hapa. Na kwanza nakiri kwamba mzee hakukosa kabisa. Vyuoni vyama ni vingi kama uyoga wa masika. Viko vya siasa, vya michezo, vya mikoa walikotoka, na viko ambavyo kazi yake, kusema kweli, ni karamu. Mtoto akijiandikisha katika vyote, mtihani utamkuta hajafungua kitabu. Tena mambo ya vyama yaweza kuwa makubwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia. Fikiri mwenyewe baba aliyeuza ng'ombe, akamwona kijana anashuka na sanduku.

Lakini mahakama ya mfano si ngonjera. Waalimu hutunga kesi, pengine ya shamba, pengine ya mtu aliyefungwa pasipo haki. Wanafunzi hugawanywa pande mbili, na mara nyingi mtu hachagui upande, hupewa. Huandika hoja zao, kisha husimama mbele ya wanaokaa kama majaji, nao humkatiza katikati ya sentensi: "Sheria gani yasema hivyo? Kifungu cha ngapi?" Yapo hata mashindano ya Afrika nzima juu ya haki za binadamu, ambayo yalianza Harare mwaka 1992. Kitabu chaweza kumfundisha mtu kifungu, lakini namna ya kukitamka huku mkubwa anamkazia macho hajifunzi kitabuni.

Hilo nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu kulikuwa na kikundi cha mdahalo kila Ijumaa jioni. Mimi sikuhudhuria hata mara moja. Nilikaa bwenini na madaftari, nikijiona mwenye bidii kuliko wenzangu. Miaka michache baadaye jirani alisogeza mpaka wa shamba la mama yangu, akang'oa miti ya minyaa iliyopandwa na marehemu baba. Tulikwenda barazani. Mama alinitegemea mimi, msomi wa nyumba. Karatasi nilikuwa nazo, na haki ilikuwa yetu. Nilipoambiwa simama useme, ulimi ukakauka, nikasoma karatasi yangu kama mtoto wa darasa la pili, na walipouliza swali moja tu nikanyamaza. Hatua kumi na mbili za shamba zikaenda. Mama hakunilaumu, na mpaka leo hajanilaumu, nalo ndilo linaloniuma.

Nilimwambia mzee habari hii, naye akatazama chini. Kisha nikamweleza jinsi shule hiyo ya binti yake ilivyoanza. Ilifunguliwa Oktoba 1961, ikiwa na wanafunzi 14, katika jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kwa kuwa majengo ya Mlimani hayakuwapo bado. Sheria ndiyo iliyokuwa fani ya kwanza kufundishwa katika chuo hicho. Siku hizi ni Shule Kuu ya Sheria.

Na kuhusu vyama, yuko mmoja aliyesoma sheria hapo, jina lake Issa Shivji. Alikuwa katika chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoanzishwa mwaka 1967, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda. Walikuwa na gazeti lao, Cheche. Mwaka 1970 Shivji aliandika humo makala ndefu juu ya matabaka katika nchi yetu, na mwaka huohuo serikali ikafunga chama na gazeti pia. Sisemi kwamba nayakubali yote waliyoyaandika. Lakini kijana huyo akawa profesa wa sheria, na mwaka 1991 akapewa uenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi. Tume ilizunguka mikoani, ikawasikiliza wakulima na wafugaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilikuja baadaye, ingawa mengi aliyoshauri hayakufuatwa.

Mzee akauliza, "Na hicho kikundi cha kusaidia maskini?" Nikamjibu kwamba wanafunzi hawajawa mawakili, hivyo hufanya kazi chini ya macho ya waalimu. Mjane huja na bahasha yake ya karatasi. Mwanafunzi humsikiliza, huandika habari kwa mpangilio, hutafuta kifungu, mwalimu hukagua. Mwanafunzi hapokei senti. Tangu mwaka 2017 tunayo hata Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo yawatambua wasaidizi wa kisheria vijijini.

"Kwa hiyo kama mama yako angekuwa na mmoja wao..." mzee akaanza, akaishia hapo.

Jumatatu alirudi na kunitaka nimtumie binti nusu ya fedha. Nusu nyingine akiuza mahindi. Akaniamuru niandike pia: "Baba auliza kesi ni ya nini, na wewe uko upande gani." Jibu limekuja jana. Kesi ni ya mpaka wa shamba. Yeye amepewa kumtetea aliyesogeza.

Mzee bado hajaniambia kama ameudhika au amefurahi.