Nimonia ya Wodini

Nimonia ya hospitali ni ile inayomwanza mgonjwa saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, yaani hakuja nayo kutoka nyumbani. Wazee ndio walio hatarini zaidi. Mzee aliyelala chali siku kadhaa, hasa mwenye kiharusi, hupaliwa na mate au uji bila hata kukohoa, na bakteria wa kinywani huteremka hadi mapafuni. Akiwa wodini, bakteria wake wa kawaida hupisha Klebsiella, Pseudomonas au Acinetobacter, ambao mara nyingi ni sugu.

Kuitambua ni kazi. Homa huenda isipande. Pengine mzee amechanganyikiwa tu, au amekataa chakula. Daktari asiye na majibu ya maabara huanza na dawa inayoua bakteria wa aina nyingi. Katika hospitali nyingi za Tanzania dawa hiyo ni seftriaksoni, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Kuianza mapema kunaeleweka, maana kuchelewesha tiba humuua mzee. Lawama iko kwenye kuiendeleza ilhali makohozi hayakupelekwa kuoteshwa, au majibu yalirudi na hakuna aliyeyasoma. Seftriaksoni haimwezi Pseudomonas. Huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa kati ya 1990 na 2021 vifo vya usugu wa dawa vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa watoto wa chini ya miaka 5, lakini viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80 kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Watoto waliokolewa zaidi na chanjo na usafi, yaani kwa kutougua kabisa. Kwa mzee aliyelazwa, kinga hiyo haihitaji mitambo: kumsafisha kinywa, kuinua kichwa cha kitanda, kumketisha anapokula, kumtembeza mapema. Nchini Japani, katika nyumba za kutunzia wazee, usafi wa kinywa peke yake ulipunguza nimonia.

Kwetu kazi hizi hufanywa na ndugu wa mgonjwa, na kwa kawaida hakuna aliyewaelekeza. Maelekezo hayo yanastahili kuandikwa kwenye faili pamoja na dozi, yasibaki kichwani mwa muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku.