Mwacheni Mtu Mzima na Manati Yake

Najua wengi mlikuwa mnangoja sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja, msiwe na haraka. Leo nina neno na watu fulani, na nikilimeza litanikaba.

Jambo lenyewe ni hili: nimerudia kulenga shabaha. (Nimesema shabaha, si Shabana. Hapa Gusii lazima ufafanue, maana tangu Shabana FC irudi Ligi Kuu mwaka wa 2023 watu hawasikii neno jingine.) Na silengi kwa bunduki. Nalenga kwa manati: panda ya mpera, vipande viwili vya mpira wa tyubu, na ngozi ya kiatu kilichozeeka. Niliiacha nilipoingia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, nikairudia mwaka jana nilipoanza kuandika programu nikiwa nyumbani, Nyamira. Kila Jumapili asubuhi (Jumamosi kijiji kiko kanisani, nami nimo) natundika karatasi mbele ya shina la mgomba lililokatwa, napima mita 10, naanza.

Na kila Jumapili hakosekani mpita njia wa kunipa ushauri.

"Kijana, si wewe ndiye uliyesomea kompyuta?"

"Ndiye, mzee."

"Basi hiyo manati umemnyang'anya mtoto wa nani?"

Mzee huyo ninamheshimu, na mbele yake nilicheka tu. Lakini maneno yake nimeyasikia pia kutoka kwa vijana wa rika langu, wenye digrii na simu kubwa, na hao sitawachekea. Wana hoja tatu. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: ni utoto

Anayeniambia hivi huwa ametoka kucheza Call of Duty kwenye simu hadi saa nane za usiku. Ndugu yangu, mimi na wewe sote tunalenga. Tofauti ni kwamba huko kwako programu inakusaidia. Mchezo wa simu una kitu kinachoitwa msaada wa kulenga: ukikaribia adui, mashine inakuvutia alama hadi juu yake. Wewe unagusa kioo na kujiona shujaa. Nami naandika programu kwa riziki, kwa hiyo nakuambia kama fundi: nusu ya ushujaa wako ni hesabu aliyokuandikia mtu mwingine.

Manati haina msaada huo. Ukivuta mkono ukiwa umeinama, kidonge kinapotea. Ukivuta pumzi wakati wa kuachia, kinapotea. Ukiwa na hasira na mteja aliyekataa kulipa, kinapotea pia, na karatasi itakuonyesha hasira yako kwa sentimita. Mtu anayekaa saa kumi kwa siku mbele ya skrini, shingo imepinda kama ndoano, anahitaji kitu cha kumlazimisha asimame wima, atazame mbali na atulie. Huo si utoto. Mtoto hana subira ya kurusha vidonge 60 kwenye karatasi moja na kuandika matokeo ya kila kimoja.

Kwa nini 60? Kwa sababu ndiyo hesabu ya mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10, ambayo yamo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 4.5. Alama ya kumi katikati ya karatasi ya bunduki ndefu ina kipenyo cha nusu milimita, ndogo kuliko punje ya wimbi! Watu wazima husafiri mabara kwenda kutafuta punje hiyo. Mkenya Priscilla Mburu alikwenda Rio 2016 kuitafuta, na katika michezo hiyo hiyo bendera yetu ilibebwa na mlenga mshale, Shehzana Anwar. Hao nao mtawaambia wanacheza kitoto?

Hoja ya pili: basi nunua bunduki ya hewa, uache mambo ya kijijini

Hoja hii hutoka kwa wanaotazama video za ng'ambo. Ni kweli, England mtu wa miaka 18 anaweza kununua bunduki ya hewa yenye nguvu ndogo bila cheti. Lakini hapa si England. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ina Bodi ya Leseni za Silaha. Usiagize bunduki ya hewa mtandaoni ukidhani ni mwanasesere. Anza na bodi, umalize na bodi.

Wala sitaki sheria hiyo ilegezwe. Nasema hivi nikiwa naipenda shabaha kuliko wengi wenu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya mia tisa kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao si wa mjini, wanaishi mashambani. Simama kwenye kilima chochote cha kwetu uonyeshe upande usio na nyumba. Hakuna! Chai ya huyu inagusa mahindi ya yule, na nyuma ya mahindi kuna jiko lenye moshi. Mahali kama hapa, chombo kinachofika mbali ni balaa. Ndiyo maana mita 10 ni umbali wetu hasa. Mchezo mzima unaingia katika ukumbi wa kanisa au nyuma ya nyumba.

Wala manati si kitu cha kuonea haya. Gharama yake ni mpira na jioni moja ya kuchonga. Vidonge nafinyanga kwa udongo wetu mwekundu na kuvianika. Kidonge cha udongo kikigonga kinapasuka, hakirudi usoni kama jiwe au gololi ya chuma. Nacho kina faida ya pili ambayo mtu wa kompyuta ataipenda: kinaacha doa jekundu kwenye karatasi nyeupe. Nitarudi hapo.

Hoja ya tatu: inafundisha vurugu

Hii ndiyo hoja nzito, na anayeitoa hana ubishi wa bure. Sisi si watu wasiojua silaha. Mwaka wa 1908 Otenyo alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote, na jibu lake lilikuwa msafara wa bunduki dhidi ya Abagusii. Karne moja baadaye, mwanzoni mwa 2008, mishale ilirushwa tena mpakani mwa Borabu na Sotik, safari hii kwa majirani. Nilikuwa shule ya msingi. Nilijua maana ya upinde kabla ya kujua maana ya asilimia.

Kwa hiyo mama anapomwona kijana akivuta manati na moyo wake ukashtuka, simlaumu. Lakini tuulizane: tumefanya nini na mshtuko huo? Tumewanyang'anya wavulana manati na kuzichoma jikoni. Mwalimu anazichoma, mzazi anazichoma, na wiki inayofuata panda nyingine imekatwa. Mvulana ataendelea kulenga, iwe tumempa shabaha au hatujampa. Tusipompa karatasi, atalenga ndege. Korongo wenye taji, wale wanaotembea kwenye mabonde yetu ya majimaji, wamo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini tangu 2012, na jiwe la mvulana haliulizi orodha. Akishakua, kipindi cha kampeni, atatokea mtu mwenye gari na noti za mia mbili, naye atampa shabaha yake. Shabaha hiyo itakuwa kichwa cha mtu.

Hilo ndilo linalonikera. Tunapiga marufuku chombo na kuacha swali la shabaha wazi, kisha tunashangaa nani amelijibu. Mvulana aliyezoea kuandika alama zake kwenye daftari, anayejua kwamba haruhusiwi kuvuta kabla mwenzake hajarudi kutoka kwenye karatasi, amefundishwa jambo ambalo kuchoma manati hakuwezi kumfundisha: kwamba nguvu iliyo mkononi ina kanuni, na kanuni hiyo humfunga hata pale ambapo hakuna mtu mzima anayemtazama.

Sasa upande wetu wa kompyuta

Nilisema nitarudi kwenye doa jekundu. Napiga picha karatasi kwa simu. Pembe zake nne zina alama, kwa hiyo programu yangu ndogo ya Python inanyoosha picha, inatafuta wekundu, na kunipa mahali pa kila doa kwa milimita. Baada ya hapo ni hesabu ya kidato cha pili: wastani wa madoa yote ndio kitovu chako, na wastani wa umbali wa kila doa kutoka kitovu hicho ndio mtawanyiko wako.

Hapo ndipo utamu ulipo. Chukua walengaji wawili. Wa kwanza madoa yake yamebanana pamoja, lakini yote yako sentimita saba kushoto. Wa pili madoa yake yamezunguka katikati, lakini yametapakaa karatasi nzima. Nani bora? Watazamaji watamshangilia wa pili, kwa sababu moja lake limegusa alama. Mimi namchukua wa kwanza. Kosa lake ni moja, linajirudia, na kosa linalojirudia unaweza kulishika: asogeze lengo kulia, basi. Wa pili ana makosa mengi madogo yasiyofanana, na itabidi arudi kwenye miguu, pumzi na vidole. Kila mwandishi wa programu anajua hitilafu inayotokea kila mara ni rafiki. Inayotokea mara moja kwa wiki ndiyo inayokunyima usingizi.

Na usiniletee vidonge vitatu vilivyoangukia pamoja ukadai umeiva. Vitatu ni bahati. Ukitaka kukisia kitovu chako kwa uhakika mara mbili zaidi, unahitaji vidonge mara nne zaidi, si mara mbili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: leo mpira, wiki ijayo mshiko. Ukibadilisha vyote, hutajua kilichokusaidia. Vijana wangapi wameelewa takwimu darasani? Nionyesheni, niwalete shambani tuwapime kwa udongo.

Masharti, kabla hamjakata panda

Vaa miwani ya kinga, ile ya uwazi ya mafundi. Mpira ukikatika unarudi usoni. Kagua nyufa za mpira kila siku. Nyuma ya karatasi pawe na mgomba, na nyuma ya mgomba pawe na ukingo wa udongo, si njia ya watu. Usivute kamwe kuelekea mtu, hata mikono ikiwa mitupu. Na ndege waache waimbe.

Ombi langu kwa walimu, makanisa na kaunti zetu mbili halihitaji bajeti ya uwanja wa Gusii. Ni mita 10, ukingo wa udongo, karatasi, na mtu mzima mmoja wa kusimamia Jumapili. Anayeona hayo ni ya kitoto, aje na watoto wake tuwafundishe kuandika alama. Kwa wale wa Call of Duty, njooni na ushujaa wenu wote. Karatasi ipo, udongo ni wa bure, na programu yangu haina upendeleo.

Sehemu ya pili ya hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda. Tutatumia jedwali la madoa yangu kama mfano. Kwaherini kwa leo.