Tunapotuma Fedha za Trekta



Msimu wa kulima ukaribiapo, ombi litokalo nyumbani huwa lile lile: fedha za trekta. Mwezi huu tuutazame udongo utakaolimwa.

Mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyooza, ndiyo ihifadhiyo maji na kuulisha mmea. Udongo ugeuzwapo mara kwa mara, hewa huingia, vijidudu huila mboji upesi, na mvua huchukua iliyobaki. Mahindi kila mwaka huzidisha hasara. Hapa Marekani, katika mashamba ya majaribio ya Morrow, mjini Urbana, Illinois, yaliyoanzishwa mwaka 1876, kipande kilichopandwa mahindi mfululizo kilipoteza mboji nyingi kuliko kile kilichopokezana mahindi, oti na majani ya malisho.

Basi kabla ya kutuma, tuulize: mwaka jana palipandwa nini? Sehemu ya fedha inunue mbegu za kunde au mbaazi. Mabua yasichomwe, bali yatandazwe shambani; na palimwe pale tu mbegu itakapokaa. Shamba ni akiba waliyotuwekea wazee, tusilipie kuimaliza.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.