Mtandao bila mnara? Sawa, lakini mwenye nyumba abanwe

Kila bei ya vifurushi ikipanda, hakosi msomi wa kijiweni wa kutuambia dawa ni moja tu: ziruhusiwe kampuni za simu zisizo na minara, ushindani utamaliza kazi. Jamani, dawa hiyo mimi naikubali. Ninachokataa ni kuimeza bila kusoma karatasi yake.

Biashara yenyewe iko hivi. Kampuni haina mnara wala masafa. Inanunua dakika na data kwa jumla kutoka kwa kampuni yenye mtandao, kisha inauza rejareja kwa jina lake, laini zake na bei zake. Ni kama mwenye duka hapa Chitete anayefuata mzigo Tunduma: hana kiwanda, ana wateja. Virgin Mobile ilianza hivyo Uingereza mwaka 1999, ikiwa mgongoni mwa One2One.

Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ilizipa leseni kampuni tatu za aina hii. Mojawapo ni Finserve ya kundi la Equity, iliyoleta Equitel juu ya mtandao wa Airtel. Benki haikujenga mnara hata mmoja, lakini mteja wake akaipata akaunti yake ndani ya laini ya simu. Safaricom wakaja juu: ile laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini nyingine ni hatari kwa usalama wa M-Pesa. Mdhibiti akaruhusu ijaribiwe mwaka mmoja. Bila mdhibiti mwenye meno, mkubwa angeshinda kabla mpira haujaanza.

Sasa upande wa pili. Nyumba ikivuja, mpangaji naye analowa. Mnara ukizima, wote wanazima. Kijiji cha Momba kisicho na mnara hakitapata mtandao kwa sababu tu mjini kuna laini yenye rangi mpya. Huko kinachotakiwa kwanza ni minara, kama ile 758 ambayo Serikali ilisaini mikataba yake mwaka 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Halafu kuna mtego. Mwenye nyumba anaweza kumuuzia mpangaji data ya jumla kwa bei ghali, huku yeye mwenyewe akiuza rejareja kwa bei ya chini. Mpangaji atafungasha virago, na bei zitarudi pale pale.

Kwa hiyo leseni peke yake ni karatasi. TCRA isimamie bei ya jumla, na mtandao unaojengwa kwa ruzuku ya umma uwe wazi kwa kila mwenye leseni, mpangaji akiwemo. Wasituambie haiwezekani. Vodacom wenyewe mwaka 2013 walikubali kuiuzia Helios minara yao na kubaki wapangaji. Kama mkubwa anapanga kwenye mnara, mdogo atashindwaje kupanga kwenye mtandao?

Naomba kutoa hoja.