Asiye na Jiwe Naye Alizikwa

Kila mjadala wa vyanzo vya historia ukifika kwenye makaburi, hapa chuoni hakosekani mtu wa kusema, "Wazungu wana muda, jamani!" Anawasema wale Wamarekani wanaopanda ndege mpaka Ireland kutafuta kaburi la babu wa babu yao, wakapiga magoti kwenye nyasi mbichi mbele ya mawe ambayo hayasomeki. Watu wanacheka, stori inahamia kwingine. Mimi sicheki, maana sisi hawa hawa wa ualimu ndio tutakaosimama mbele ya Kidato cha Kwanza kufundisha kwamba historia ina vyanzo.

Tuanze na moto. Mwisho wa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo vimeanza Dublin, jengo la kutunzia kumbukumbu za taifa katika eneo la Four Courts lililipuka na kuungua. Wosia za karne na karne zikawa majivu, pamoja na zaidi ya nusu ya madaftari ya parokia za Kianglikana na karibu sensa zote za 1821 mpaka 1851. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Za 1881 na 1891 zilisagwa kama karatasi taka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo sensa kamili ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya 1901, na Njaa Kuu ilianza 1845. Piga hesabu mwenyewe.

Katika njaa hiyo viazi vilioza shambani mwaka baada ya mwaka, watu kama milioni moja wakafa na wengine kama milioni moja wakaondoka. Vilembwe vya hao walioondoka ndio tunaowacheka. Wangetafuta kwenye karatasi gani? Vifo vya watu wote vilianza kusajiliwa na serikali mwaka 1864, na hata cheti chenyewe kinasema mtu alifia wapi, hakisemi alizikwa wapi. Mapadri wa Kikatoliki waliandika ubatizo na ndoa; maziko waliyaandika kwa nadra. Unabaki na jiwe.

Na jiwe nalo lina mambo yake. Kwanza, wengi wanatafuta uwanja usio wenyewe. Makanisa ya kale yalipochukuliwa na Waanglikana baada ya Matengenezo, familia za Kikatoliki ziliendelea kuzika humo humo, karibu na wazee wao. Ukitafuta kwenye kanisa Katoliki lililojengwa juzi juzi tu utatoka mikono mitupu. Pili, kusoma maandishi yaliyolika ni ufundi. Hutumii brashi ya waya, wala jiki, wala chaki. Unasubiri jua liwe chini, au unamulika kwa tochi kutoka ubavuni, ndipo kivuli kinapoingia kwenye herufi na jina kujitokeza. (Kipindi kizima cha sayansi hicho, bila maabara.)

Lakini ninachotaka kukisema hasa kiko kwenye mstari wa kwanza wa mawe mengi ya huko. Haumtaji marehemu. Unasema jiwe hili limesimamishwa na fulani, wa mahali fulani, kwa kumkumbuka baba yake. Yaani aliyelipa ndiye anayeanza. Jiwe lilikuwa gharama, na asiye na hela aliwekewa jiwe la shambani lisilo na herufi hata moja, au hakuwekewa kitu. Kwa hiyo ninapomsikia mtafutaji akisema "nimezunguka makaburi matatu, sikupata kitu," naona amekosea kusoma. Amepata. Amepata kwamba watu wake walikuwa maskini mahali ambapo hata jina lililipiwa.

Pale Abbeystrewry, karibu na Skibbereen katika Cork, inakadiriwa watu kati ya 8,000 na 10,000 wa wakati wa njaa walizikwa kwenye mashimo ya pamoja. Hakuna jiwe la kila mmoja wao. Kuna pia sehemu zinazoitwa cillíní, pembezoni mwa mashamba au kwenye magofu, walikozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, kwa sababu kanisa halikuwaruhusu kwenye ardhi iliyobarikiwa. Mtu anaweza kupita juu yao akiwa anatafuta jina la ukoo wake kwenye ramani, asijue. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi wale wanakijiji wanaoandika uwanja mzima, jiwe kwa jiwe, pamoja na yale yasiyo na maandishi, kuliko mgeni anayepiga picha kaburi moja la kwao na kuondoka.

Na mfano mkubwa wa kazi hiyo haukutoka kwa profesa. Catherine Corless, mtafiti wa historia ya mtaa wake huko Tuam, Galway, aliifuatilia nyumba iliyoendeshwa na masista kwa ajili ya kina mama wasioolewa, kuanzia 1925 mpaka 1961. Aliomba vyeti vya vifo vya watoto waliofia humo. Vilikuja 796. Kisha akafanya kitu ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kukifanya: akachukua majina akayatafuta kwenye vitabu vya makaburi ya jirani. Karibu wote hawakuwemo. Habari zilienea duniani mwaka 2014, na mwaka 2017 tume ya serikali ikathibitisha kuwepo kwa mabaki ya watoto wachanga na wadogo kwenye vyumba vya chini ya ardhi pale pale.

Angalia njia aliyotumia. Kitabu kisichokuwa na jina ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Sisi darasani bado tunafundishwa kuandika "hakuna chanzo" na kufunga daftari, na baada ya miaka miwili mitatu tutawafundisha wengine hivyo hivyo.

Uchimbaji Tuam ulianza mwaka 2025. Sheria ya 2022 inaruhusu ndugu kutoa vipimo vya DNA ili vilinganishwe na mabaki. Baadhi ya hao ndugu ni kaka na dada wa watoto wale, wazee sasa, na wanachouliza ni kile kile tunachokicheka: amelala wapi?