Mashanza ni chakula, si dawa ya tumbo

Ndugu wanakoperative, sisi wafugaji tunapenda mashanza yetu, na tunapenda kuyauza. Lakini sokoni kuna neno moja lenye kutusumbua: «Nunua, hii inaponyesha tumbo.» Kwa maoni yetu, tuache neno hilo.

Mashanza iko na faida ya kweli. Ndani mwake mna bakteria hai wenye kula sehemu ya sukari ya maziwa na kuyafanya yawe makali. Ndiyo maana mtu ambaye maziwa ya kawaida yanamjaza tumbo, mara nyingi mashanza anayaweza. Hiyo tuiseme bila haya.

Lakini kuna magonjwa ya utumbo ya siku mingi, kama Crohn na kolitisi ya vidonda. Kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe. Mtu anaharisha wiki na wiki, pengine na damu, anakonda. Dawa za hospitali ndizo zinatuliza. Bakteria fulani waliochaguliwa na kuhesabiwa maabarani wamesaidia wagonjwa fulani wa kolitisi. Kwa Crohn, faida haijaonekana wazi. Na ndani ya kidumu chetu, nani amehesabu?

Hata kwa chakula, tusitoe amri. Mgonjwa mmoja anakula sombe na maharagi bila shida. Mwingine, ugonjwa ukiwaka, nyuzi za majani zinamuumiza. Tukimkataza kila kitu, atazidi kukonda. Ajichunguze, na aulize muganga.

Tena, huku kwetu damu katika choo inaweza kuwa amiba au ugonjwa wa kuhara damu, na hizo ziko na dawa zake. Mteja tuliyemwambia «kunywa mashanza, ngoja kidogo» tumemwibia siku za matibabu. Pesa ya kidumu kimoja haifikie hapo.

Kazi yetu ni nyingine: tuchemshe maziwa kwanza, yapoe, ndipo tuweke chachu katika chombo safi. Maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselozi na kifua kikuu cha ng'ombe. Kuwa makali hakutoshi kuua vijidudu hivyo.

Kwenye kidumu tuandike: maziwa yalichemshwa, na tarehe. Mwenye kuuliza dawa, tumwonyeshe njia ya kituo cha afya. Akipona, atarudi kununua kwetu, juu atajua hatukumdanganya.